Kumkabidhi mkandarasi meli ya serikali ya kuvunja barafu: mkataba, mabaharia na mafunzo

Kazi hii huanza na kalenda, bajeti inafuata. Barafu ina msimu wake, na nahodha anayestahili kuingiza meli humo hapatikani kwa wiki mbili za kozi. Cheti cha juu cha maji ya ncha za dunia chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, kinadai, pamoja na kozi, angalau miezi miwili ya utumishi katika maji hayo, mhusika akiwa kwenye ngazi ya uongozi au akishika zamu. Sharti hilo moja ndilo linaloamua tarehe zako zote.

Chukua S.A. Agulhas II ya Afrika Kusini, meli ya daraja PC5 (la tano kati ya madaraja saba ya kuhimili barafu, PC1 likiwa imara zaidi) iliyokamilika Rauma, Ufini, mwaka 2012. Kwa mwaka huwa na safari tatu kubwa: kituo cha SANAE IV huko Antaktika kati ya Desemba na Februari au Machi, kisiwa cha Marion kwenye Aprili na Mei, na kisiwa cha Gough Septemba na Oktoba. Ukitazama juu juu utadhani ofisa ana miezi mingi ya kujifunzia. Lakini upande wa kusini maji ya ncha huanzia latitudo ya nyuzi 60, na Marion na Gough vyote viko kaskazini ya hapo. Inabaki safari moja tu ya SANAE. Nayo ina siku za kwenda na kurudi: kutoka Cape Town hadi nyuzi 60 ni kama maili 1,560 za bahari, yaani siku tano kwa mwendo wa noti 13, na tano nyingine za kurudi. Safari ya siku 70 inakuachia takriban 60, tena kama hakuna aliyeugua wala kubadilishwa katikati. Ofisa aliyekosa siku chache anasubiri mwaka mzima.

STCW inaruhusu pia utumishi mwingine unaokubaliwa kuwa sawa na huo. Usilitegemee hilo kwa mdomo. Iandikie mamlaka ya bahari ya nchi ya bendera, yaani iliyosajili meli, kabla ya zabuni kutoka, uulize kama majira ya baridi ya Baltiki au kazi ya ofisa wa ziada chini ya nahodha mwenye cheti vinahesabika, kisha jibu lao liwe kiambatisho cha zabuni. Ukifanya hivyo wazabuni wote watapiga hesabu moja.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Meli ikiwa inaondoka Desemba, timu mpya yote iwe melini kufikia Oktoba. Maofisa wakuu wapande mapema zaidi, wasafiri na wale wa zamani angalau safari moja kamili. Kwa kalenda ya Agulhas II hiyo ingekuwa ya Marion, na bora kuliko hiyo ni ya barafu ya msimu uliotangulia. Mkataba basi usainiwe miezi tisa hadi kumi kabla ya kuondoka, na zabuni itangazwe mwaka mmoja na nusu kabla. Idara inayotangaza Juni ikitarajia kusafiri Desemba itaishia kumwongezea muda mkandarasi wa zamani kwa bei atakayoitaja yeye.

Amua unatoa nini nje

Nchi hazifanyi jambo hili kwa njia moja. Afrika Kusini inaimiliki meli kupitia idara yake ya misitu, uvuvi na mazingira, na kampuni binafsi, AMSOL, imekuwa ikiisimamia na kuiwekea mabaharia. Ujerumani iko karibu na hapo: Polarstern, inayofanya kazi tangu 1982, ni mali ya serikali, inaendeshwa na Taasisi ya Alfred Wegener ya Bremerhaven, huku mabaharia wakitoka kampuni ya F. Laeisz. Australia ilikwenda mbali zaidi kwa meli yake ya Antaktika, Nuyina. Mkataba mmoja na kampuni ya Serco ulibeba usanifu, ujenzi, uendeshaji na matengenezo kwa miaka 30. Ufini ina Arctia, kampuni ya serikali yenyewe.

Kwa nchi yenye meli moja, njia ya Afrika Kusini na Ujerumani ndiyo salama zaidi. Mkataba wa kila kitu una mvuto wake, kwani aliyejenga ndiye atakayetunza na hawezi kumsingizia mwingine. Tatizo linakuja meli ikikwama: huna pa kwenda isipokuwa kwake. Nuyina ilikosa msimu wa 2022–23 ikiwa Singapore kwa matengenezo ya mfumo wa klachi, na Australia ikalazimika kukodi meli nyingine. Kwa hiyo hata ukichagua njia hiyo, andika wazi nani analipa meli ya badala, kuanzia siku ya ngapi, na ya daraja gani la barafu.

Tundu la sheria ambalo wengi hulipita

Kanuni za Polar za Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2017, na sehemu ya mafunzo ndani ya STCW tarehe 1 Julai 2018. Lakini meli inayomilikiwa au kuendeshwa na serikali kwa kazi isiyo ya biashara imeachwa nje ya Kanuni hizo. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, MLC, nao unalenga meli zinazofanya biashara kwa kawaida. Meli yako inaweza kuwa nje ya yote mawili, na mkandarasi akibanwa atakukumbusha hivyo kupitia wakili wake.

Dawa yake ni aya moja ndani ya mkataba: mkandarasi ataiendesha meli kana kwamba SOLAS (mkataba wa usalama wa maisha baharini) pamoja na Kanuni za Polar, msimbo wa ISM wa usimamizi wa usalama wa meli, STCW na MLC vyote vinaihusu, na vyeti vyake vyote vitabaki hai muda wote. Taja kwa majina cheti cha meli ya polar na kitabu cha uendeshaji katika maji ya polar, na useme nani anakihuisha kitabu hicho kila meli inapobadilishwa kifaa. Taja na saa za kupumzika: zisipungue 10 katika kila saa 24, wala 77 katika siku saba. Kipengele hiki huvunjwa zaidi pale meli inapopakua kwenye ukingo wa barafu, krini zikizunguka usiku na mchana kwa sababu hali ya hewa ni nzuri leo na kesho haijulikani. Dai zamu mbili kamili za wapakuaji kwenye orodha ya mabaharia. Bila hizo, daftari la mapumziko litajazwa uongo.

Nani ni "Kampuni"

Chini ya ISM lazima pawe na mmoja anayebeba jukumu la uendeshaji. Huyo ndiye anayeitwa Kampuni, na ndiye mwenye hati ya ukubalifu, inayothibitisha kwamba mfumo wake wa usalama unafuata ISM. Idara ya serikali isijaribu kugawana cheo hicho na mkandarasi. Nahodha akipata agizo la usalama kutoka ofisi mbili, atatii lile linalomlinda kazi yake.

Hati ya ukubalifu hutolewa kwa aina ya meli, na hapa zabuni nyingi hujikwaa. Meli ya utafiti yenye wanasayansi 100 inaweza kuwa imesajiliwa kama ya abiria au ya shughuli maalumu. Ikiwa ni ya abiria, msimamizi mwenye hati ya meli za mizigo tu hana ruhusa ya kuichukua hata kama ana meli hamsini. Dai nakala ya hati pamoja na orodha ya aina za meli iliyoandikwa juu yake, na anayekosa aondolewe kwenye hatua ya kwanza kabisa.

Msimamizi anapoongeza aina mpya hupewa hati ya muda isiyozidi miezi 12. Meli yenyewe inapohamia kwake hupewa cheti cha muda cha miezi sita. Kabla ya hicho kutolewa, mkaguzi ataangalia kwamba nahodha na maofisa wanaujua mfumo wa usalama wa kampuni mpya, maelekezo muhimu yametolewa kabla ya kuondoka kwa lugha ya kazi, na ukaguzi wa ndani umepangwa ndani ya miezi mitatu. Piga hesabu hapo: cheti kikitolewa Oktoba, ukaguzi huo wa miezi mitatu unaangukia Januari, meli ikiwa ndani ya barafu. Panga makabidhiano Machi au Aprili, la sivyo mkaguzi wa ndani asafiri na meli.

Yule mtu wa nchi kavu aliyeteuliwa kwa masuala ya usalama, mwenye njia ya moja kwa moja hadi kwa wakuu wa kampuni, atajwe kwa cheo na awe amewahi kufanya kazi barafuni. Nahodha anapopiga simu ya setilaiti saa nane usiku kuuliza kama arudi nyuma, asikutane na mtu anayemuuliza kuhusu ratiba ya wageni.

Fedha

Fomu ya SHIPMAN, mkataba wa mfano wa usimamizi wa meli kutoka BIMCO, chama cha kimataifa cha wenye meli, ndiyo msingi unaofahamika na kila msimamizi, na kuanza nayo kunapunguza miezi ya mabishano. Soma sana kipengele cha dhima: toleo la 2009 linaifungia kwenye mara kumi ya ada ya mwaka ya usimamizi. Ada ni ndogo sana ukilinganisha na thamani ya meli ya barafu, hivyo hasara ya msimu mzima haitafidiwa hapo. Bima ya chombo na ya dhima zibaki kwa jina la mmiliki na msimamizi pamoja, na kampuni ya bima iandike kwamba imekubali eneo la latitudo unazokwenda. Bima nyingi zina mipaka ya safari inayoacha maji hayo nje.

Gharama za mabaharia zilipwe kwa kadiri zilivyotumika, vitabu vikiwa wazi, na ada ya usimamizi iwe kando. Bei moja ya jumla kwa mabaharia huonekana nzuri kwenye tathmini, kisha msimamizi hupata faida yake kwa kupunguza watu na kuleta wa mkataba mfupi kila msimu. Meli ya mabaharia 45 inahitaji timu mbili, watu 90, na akiba ya kama asilimia 10 juu yake. Lipia hao 99 mwaka mzima au kwa mshahara wa kusubiri. Usipofanya hivyo, unaowafunza mwaka huu utawakuta kwenye meli za mafuta mwakani.

Hazina huchelewesha malipo, kila mtu anajua. Weka akaunti ya uendeshaji yenye miezi miwili ya mishahara na mahitaji mbele. Msimamizi asiyelipwa ana haki ya kuvunja mkataba, na baharia asiyelipwa hatasubiri hata hilo.

Mafuta anunue mmiliki, ila sifa zake ziandikwe na mhandisi. Kusini ya nyuzi 60 mafuta mazito yamepigwa marufuku kutumika na hata kubebwa tangu tarehe 1 Agosti 2011, kwa hiyo ni dizeli ya meli pekee. Dai daraja la majira ya baridi lenye kiwango cha joto la kuanza kuganda kilichopimwa, na cheti cha maabara kabla ya kujaza. Dizeli iliyonunuliwa bandari ya joto hutoa nta kwenye baridi, nta huziba filta, na injini hufa njaa ya mafuta huku tangi limejaa. Kagua pia gati lenyewe. Nuyina haikuruhusiwa kupita chini ya Daraja la Tasman kwenda gati la mafuta la Selfs Point pale Hobart, ikabidi iwe inakwenda kujaza Burnie, kaskazini mwa Tasmania.

Mafunzo ya maofisa wa sitaha

Kwa meli isiyo ya abiria wala ya mafuta, ikiingia maji yenye barafu zaidi ya sehemu moja kwa kumi, Kanuni zinataka nahodha na chifu ofisa wawe na mafunzo ya juu, na maofisa wa zamu wawe na ya msingi. Kozi za mfano za IMO ni namba 7.11 kwa msingi na 7.12 kwa juu. Hicho ni kima cha chini. Katika mkataba wako ofisa mmoja wa zamu katika kila timu awe na ya juu pia, kwa sababu chifu ofisa akivunjika mguu huna mwingine wa kumrithi.

Mamlaka ya bendera inaweza kukubali mtaalamu wa barafu apandishwe badala ya nahodha mwenye cheti, mradi wataalamu wawe wa kutosha kufunika zamu zote. Mmoja hatoshi: naye ana saa zake za kulala. Ukikubali njia hii, iwe ya msimu wa kwanza tu, na ada ya msimamizi ipungue ikiendelea.

Ndani ya simuleta dai saa ambazo ofisa mwenyewe ameshika usukani na injini, saa 20 kwa kila mmoja ni kiwango kizuri, na si saa alizokaa nyuma akitazama wenzake. Modeli ya meli iwe ya daraja na nguvu zinazokaribia zako. Mazoezi yasiyokosekana ni haya: kuingia barafu kutokea upande usio na upepo, kwa pembe ya mraba na mwendo mdogo, kisha kuongeza nguvu mara omo (sehemu ya mbele ya meli) inaposhika, kurudi nyuma usukani ukiwa katikati kabisa, maana usukani uliopinda ukigonga barafu kwa nyuma huvunjika shina, kuacha propela ikizunguka taratibu muda wote, kwa kuwa iliyosimama hupokea mapande ya barafu kwenye bawa lilelile, na kupiga barafu kwa kurudia, ambapo ofisa huanza kurudi nyuma kabla meli haijakwama. Hili la mwisho ndilo linaloshinda wengi. Mwenye hamu hungoja sekunde chache zaidi apate mita kumi za ziada, meli ikapanda juu ya barafu na kukaa. Hapo anabaki kuhamisha maji kati ya matangi ya pembeni ili kuitikisa hadi ijinasue, na wakati mwingine ni siku nzima.

Kila ofisa aweze kupiga hesabu ya POLARIS, njia ya kupima kama meli inaweza kuingia barafu iliyo mbele yake, kwa mkono, bila kompyuta. Unachukua kila aina ya barafu iliyopo, unazidisha sehemu zake kati ya kumi kwa thamani ya hatari ya daraja la meli, kisha unajumlisha. Tuseme meli ni PC5, na mbele kuna sehemu 2 za maji wazi (thamani 3), sehemu 5 za barafu nene ya mwaka wa kwanza (thamani 0) na sehemu 3 za barafu nzito ya miaka mingi (thamani -2). Jumla ni 6 + 0 - 6 = 0, na kuanzia sifuri kwenda juu unaendelea kawaida. Upepo ukibana uwanja wa barafu, maji wazi yakabaki sehemu 1 na barafu ya miaka mingi ikawa 4, unapata 3 + 0 - 8 = -5. Hapo ni hatari iliyoongezeka, na kwa PC5 mwendo unaopendekezwa hauzidi noti 5. Chini ya -10 usiingie. Mpe mtahiniwa ramani tatu za barafu na dakika 15. Anayekosea ni mara nyingi yule anayesoma barafu nyembamba yenye theluji juu kuwa nene, au kinyume chake, hivyo utambuzi wa barafu ufundishwe kwa picha za kweli na kwa macho melini.

Injini

STCW haikuwawekea wahandisi cheti cha polar. Ni pengo la ajabu, kwa sababu matatizo mengi ya siku ya kwanza barafuni huanzia chini. Lizibe wewe ndani ya mkataba.

Jambo la kwanza ni visanduku vya maji ya bahari, yale matundu ya chini yanayovuta maji ya kupozea injini. Mhandisi aliyekulia Bahari ya Hindi amezoea chujio kuzibwa na taka au dagaa. Barafuni huzibwa na uji wa barafu, na mambo huenda kasi: presha ya pampu inashuka, joto la maji ya kupozea linapanda, jenereta moja inajizima, zilizobaki zinabeba mzigo wake na kujizima pia. Meli inakuwa giza katikati ya barafu inayosogea. Kanuni za barafu za Ufini na Uswidi zinapendekeza ujazo wa mita moja ya ujazo kwa kila kW 750 za nguvu zote, hivyo meli ya jenereta nne za kW 3,000 inahitaji kama mita 16 za ujazo. Mhandisi mkuu achukue mchoro apime zilizopo. Kisha zoezi: bandarini, saa mkononi, timu ifunge mvuto mmoja, ihamie kisanduku cha chini, ifungue maji moto yanayorudi kutoka kwenye mfumo wa kupozea, na ipulize chujio kwa hewa. Warudie hadi wafanye gizani kwa tochi.

Mengine yapitwe haraka lakini yasiachwe: matangi ya maji ya uzani yasiyojazwa pomoni ili yakiganda yasipasue sahani, bomba za zimamoto za sitahani zinazomwagwa maji baada ya kila zoezi, mafuta ya haidroliki ya krini yanayopashwa moto kabla ya kazi, na bawa la akiba la propela lililoko ghalani kweli na si kwenye orodha tu.

Mabaharia wote

Kanuni za Polar zinataka vifaa vya kuokoa vitoshe kwa muda wa kungoja uokoaji usiopungua siku tano. Serahangi na watu wake washushe boti kwa glavu nene walizonazo, wala wasitumie zile nyepesi za mazoezi ya bandarini. Ndipo utakapogundua kuwa pini ya kufungulia haishikiki. Hesabuni chakula na maji kwa siku tano kwa kila mtu aliyemo, wanasayansi pia.

Ofisa aliyesomea Chuo cha Bahari Dar es Salaam au Bandari Maritime Academy, Mombasa, akiajiriwa kwenye meli ya bendera nyingine, anahitaji cheti chake kitambuliwe na bendera hiyo. Anaweza kufanya kazi hadi miezi mitatu akiwa na uthibitisho kwamba ombi limepelekwa. Kwa safari ya barafu miezi mitatu inaweza kuisha baharini, hivyo mkataba useme ombi lipelekwe mara mtu anapoteuliwa.

Kupima na kulipa

Usilipe kwa idadi ya kozi. Lipa kwa vitu vinavyoonekana: asilimia ya maofisa waliorudi msimu wa pili, muda wa zoezi la visanduku vya maji, matokeo ya mtihani wa POLARIS, siku ambazo meli ilikuwa tayari dhidi ya zilizopangwa. Bonasi ya baharia itolewe mwishoni mwa msimu wa pili, moja kwa moja kwake. Kila safari mmiliki apeleke mtu wake mmoja melini, asiye na mamlaka juu ya nahodha, akiwa na daftari tu.

Rekodi ziwe mali ya serikali tangu siku ya kwanza: programu ya matengenezo pamoja na nenosiri la msimamizi mkuu, orodha ya vipuri, michoro iliyosahihishwa, kumbukumbu za kila zoezi na za siku za kila ofisa katika maji ya ncha. Dai nakala kila robo mwaka katika faili linalofunguka bila programu ya mkandarasi, na mara moja kwa mwaka mwombe fundi asiyehusika nayo ajaribu kulifungua. Mkataba ukiisha, msimamizi wa zamani abaki na wajibu wa siku 90 na safari moja ya kukabidhi kwa viwango vya malipo vilivyokubaliwa tangu mwanzo, maofisa wake wakuu wakiwemo melini.